Kila Mtu Abaki Mahali Pake

Gaudiose alikuwa akichagua maharagwe kwenye sinia tamthilia ya saa moja jioni ilipoanza kwenye televisheni, akamwona mumewe. Fiacre alisimama katikati ya foleni ya ofisi ya msaada wa serikali, amevaa koti la kahawia lisilo lake. Alisimama vizuri, mikono nyuma, kama alivyosimama miaka yote alipokuwa mlinzi wa geti. Gaudiose aliongeza sauti, ingawa Fiacre hakuwa na la kusema.

Kazi hiyo ya kuigiza Fiacre alitafutiwa na Léocadie, msusi Mkongomani aliyepanga chumba cha jirani katika yadi yao ya Kensington. Watu wa televisheni walipita saluni wakiuliza watu wazima wenye sura ya kukosa kazi.

"Wanataka waliochoka," Léocadie alisema. "Baba Joséline, wewe usioge hata."

Fiacre alioga, akapiga pasi shati lake jeupe. Huko Randburg, kwenye studio, walimvua shati wakampa koti lenye tundu kwenye kiwiko. Walisema kwa shati lile hafanani na mtu asiye na kazi. Hakuwa na kazi tangu kampuni ya ulinzi ilipodai kibali kipya, na kila alipokwenda ofisi ya vibali aliambiwa arudi siku nyingine.

Kisha mtu mwenye vidude vya masikioni alipaza sauti: kila mtu abaki mahali pake. Wakapiga picha, wakazima taa, wakaenda. Watu wa foleni walibaki. Wengi walitoka Bukavu, Bujumbura na Alexandra ya hapo hapo mjini, na foleni walikuwa wakizijua. Huwezi kupoteza nafasi kwa sababu tu taa zimezimwa.

Gaudiose alikwenda Randburg kumfuata. Mlinzi wa pale alimpa kiti chake akae, akamletea maji, akamweleza taratibu kwamba chumba kile kimefungwa na ndani hamna mtu. Gaudiose alishukuru, akarudi nyumbani, akamkuta Fiacre kwenye televisheni amesogea mbele hatua moja.

Tamthilia ikiisha, foleni iliendelea kuonekana. Alipochomoa waya ilionekana vilevile, ila hafifu. Léocadie aliingia kuazima chumvi, akaangalia kioo.

"Eish. Bado yuko?"

"Bado."

"Wateja wangu wanasema wale watu wanaigiza vizuri. Wengine wanasema watu wa msaada ni wavivu, ona wanavyosimama tu kutwa." Alichukua chumvi. "Mimi nimewaambia yule mwenye koti ni shemeji."

Jioni moja Fiacre aligeuza uso kidogo.

"Mama Joséline, mlango umeufunga?"

"Nimefunga. Unakula?"

"Huyu nyuma yangu, Exaucé, ananimegea mkate wake. Ni mkate wa kuigizia, lakini tumbo linanyamaza."

Usiku huo Gaudiose aliweka sahani ya maharagwe mbele ya kioo, na vijiko viwili, kwa ajili ya Exaucé pia. Asubuhi sahani ilikuwa imeoshwa. Nyumbani Fiacre hakuwahi kuosha sahani, na Gaudiose aliishika muda mrefu kabla ya kuirudisha kabatini.

"Rudi nyumbani," alimwambia. "Nyumba imekuwa kubwa."

"Nyumba ni chumba kimoja, Mama Joséline."

"Imekuwa kubwa."

Fiacre alitazama mbele. "Wamebaki wachache. Tangu tuje nchi hii sijawahi kufika mbele hivi. Nikipata msaada, tutapumua kidogo."

Exaucé alikuwa amesikia. "Mzee, Jumapili nenda kalale kwako," alisema. "Nitakushikia nafasi. Hapa hatuli watu."

Jumapili Fiacre alitoka kwenye televisheni akiinamisha kichwa, akavua viatu mlangoni. Alikaza bomba lililokuwa likidondosha maji, akala, akasifu chakula. Walilala. Usingizini alikuwa akisogea mbele, kidogo, anasimama, kidogo tena, mpaka akafika ukingoni mwa kitanda. Gaudiose alimrudisha kwa mkono, naye akaanza upya. Kabla ya kupambazuka alivaa lile koti.

"Baki," Gaudiose alisema.

"Exaucé amenishikia. Nimwache aonekane mwongo mbele za watu?"

Gaudiose aliinuka. Alimfunga vifungo, akamwekea chapati za watu wawili.

Zilipita siku ambazo foleni haikusogea kabisa. Halafu Alhamisi moja Gaudiose alikuwa akikunja nguo akasikia anaitwa. Fiacre alikuwa amefika dirishani.

"Mama Joséline. Ni ubao."

"Ubao vipi?"

"Dirisha limechorwa. Na karani wa ndani amechorwa, na miwani yake."

"Hebu gonga."

Fiacre aligonga kwa adabu, mara moja, halafu tena. Ilikuwa sauti ya mbao.

"Basi njoo nyumbani," Gaudiose alisema. "Waambie na wenzako waende kwao."

Fiacre aligeuka. "Jamani, dirisha hili limechorwa!"

"Tunajua, mzee," mtu alijibu kutoka nyuma. "Sasa wanafungua lini?"

Watu walicheka kidogo. Hakuna aliyeondoka. Exaucé alimgusa Fiacre begani. "Samahani, mzee. Naomba na mimi nigonge."

Fiacre alimpisha. Alisimama pembeni akimsikiliza Exaucé akigonga, akapangusa vumbi kwenye mabega ya koti.

"Baba Joséline," Gaudiose aliita. Alikuwa ameinuka, shuka mkononi. "Mlango uko wazi. Pita tu."

Fiacre alimtazama moja kwa moja, jambo alilokatazwa na watu wa televisheni siku ya kwanza. "Labda nimekuja siku mbaya," alisema. "Inaweza kuwa wanachora wakifunga."

Akaanza kutembea kando ya foleni kuelekea nyuma, upande wa kushoto, akisalimia watu mmoja mmoja, mpaka akafika mwisho wa picha na kuupita. Foleni iliendelea huko, ambako kioo hakikufika. Gaudiose alisikia sauti yake ikiuliza:

"Nani wa mwisho hapa?"

"Mimi, baba," alijibu mwanamke, kwa upole. "Simama nyuma yangu."

Gaudiose aliweka shuka chini. Akavuta kigoda hadi upande wa kushoto wa televisheni, palipokuwa na ukuta tu, akaketi akiuelekea.