Majani ya Msibani

Umeme ulikatika mayai yakiwa yameanza kugonga. Naima aliwasikia vifaranga ndani ya mashine ya kutotolesha, ko, ko, wakitafuta pa kutokea, na papo hapo taa nyekundu ikazimika. Akaifunika mashine blanketi huku akisonya. Hakuhitaji kuambiwa kilichotokea. Upande wa juu wa kijito kulikuwa na msiba wa mzee Anyelwisye, na msiba wa huku bila majani ya migomba si msiba: majani ya kukalia, majani ya kupakulia chakula, na yakishatumika yote hutupwa kijitoni. Kijito kinayaleta hadi kwenye chujio la mtambo wa umeme wa kijiji, yanaliziba, maji yanakosa njia na umeme unakufa. Alishalisema hilo mikutanini mpaka wakamwita Mama Majani.

Mara mbili alishatia mayai, na mara mbili umeme ukamwangusha. Wateja wake wa Kiwira walishaanza kumcheka. Safari hii aliapa vifaranga watatoka.

Akapanda mbio hadi msibani. Andongwisye, fundi wa mtambo, alikuwa miongoni mwa wachimba kaburi.

"Chujio limeziba, kaka. Njoo mara moja tu."

"Mama Nusrat, maiti bado yuko ndani, mimi nikashike kazi? Watu watanionaje? Subiri tuzike kwanza."

"Vifaranga hawasubiri maziko!"

Wazee wakageuka kumtazama. Naima akaomba radhi, moyoni anachemka.

Mumewe, Ramadhani, alikuwa hapo hapo akihangaika na viti kuliko wafiwa wenyewe. Ndivyo alivyokuwa tangu wahamie Matwebe, akiogopa kuitwa mtu wa kuja. Asubuhi alishatoa toroli lao na masufuria yote ya nyumbani.

"Usitutie aibu, mama," alimnong'oneza. "Msiba ni wetu sote."

Naima aliteremka peke yake hadi kwenye chujio, akajifunga kanga kiunoni, akaingia kwenye maji baridi ya Rungwe yasiyo na huruma. Akavuta majani, mengine bado yana punje za wali, na kila jani alilolivuta alilitukana. Vidole vikafa ganzi. Mwishowe maji yakapita kwa kishindo, mtambo ukaanza kunguruma, na taa ya kibandani ikawaka. Akacheka peke yake kama mwendawazimu, akakimbia nyumbani akichuruzika maji.

Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka. Mashine ilikuwa kimya, baridi. Blanketi limekunjwa vizuri kando. Naima akatazama ukutani: soketi tupu. Waya mrefu wa kuunganishia umeme haupo.

Juu mlimani spika ikakoroma, kisha sauti ikasikika kijiji kizima: "Moja, mbili. Mnasikia huko nyuma? Umeme umerudi! Tunamshukuru baba Nusrat kwa kutuletea waya. Ndaga fijo, asante sana, baba!" Watu wakapiga makofi.

Naima akafungua mashine. Yai moja lilikuwa na tundu, na mdomo mdogo ndani yake haukutikisika. Akayakusanya yaliyobaki kwenye kanga kavu, akayakumbatia tumboni, akakaa sakafuni na kulia kwa hasira.

Jirani yake Dainess, aliyekuwa akielekea msibani, akachungulia mlangoni. Machozi yakamlengalenga.

"Pole, mama Nusrat. Sikujua kama mlizoeana hivyo na mzee."

"Asante," akasema Naima.