Simu Yangu, Bando Langu

Daktari Onesmo alipenda kupigiwa makofi kuliko alivyopenda ng'ombe, na ng'ombe ndio waliomleta Bariadi. Alikuwa mhadhiri wa mifugo katika tawi la chuo cha umma, mtu wa kuvaa koti hata jua la saa saba, na mlinzi wa getini asipomwita Daktari alirudishwa aanze salamu upya.

Yeye na mkuu wa idara yake, Daktari Malimi, walikwenda kijiji cha Sapiwi kufanya jaribio la kulisha ndama mashudu ya pamba. Mjane mmoja, Nyanjige, akawaamini, akawatolea ndama wake. Ndama wakafa, mmoja baada ya mwingine. Wasomi wetu wakasema ni homa, wakapanda gari wakaondoka zao. Huku nyuma shemeji yake Nyanjige, Ng'washi, akatangaza kwamba mwanamke hawezi ng'ombe, kawaua kwa uzembe, na mifugo ya marehemu kaka yake lazima irudi kwa ukoo. Akaja akawaswaga wote waliobaki mpaka kwenye zizi lake.

Nyanjige hakukaa kulia. Alikuwa amesikia kwa mtendaji wa kata kwamba ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, na mwananchi yeyote anaweza kuiomba taasisi ya umma imwonyeshe inachokijua. Akaja chuoni, akaomba kila kilichoandikwa kuhusu ndama wake. Alitaka kitu cha kumwekea Ng'washi mbele ya macho, arudishiwe ng'ombe.

Sasa utamu uko hapa. Onesmo na Malimi hawakuandikiana barua. Waliandikiana kwenye simu, kama vijana wanaotongozana. Na humo simuni, kabla ndama wa kwanza hajafa, Onesmo alikuwa ameandika kwamba mashudu yale yana sumu kwa ndama wachanga, jaribio lisimame. Malimi akamjibu: endelea, wafadhili wanakuja. Naye akaendelea. Mtu mzima, na udaktari wake, akaendelea, kwa kuwa Malimi ndiye aliyekuwa akimpigia debe apandishwe cheo.

Kikao kikaitwa. Marcelina, ofisa taarifa wa chuo, akaeleza kwamba ujumbe wa simu nao uletwe, maana sheria inaangalia kazi ni ya nani, si simu ni ya nani. Onesmo akasimama, akaweka koti vizuri.

"Simu yangu, bando langu," akasema. "Maneno yaliyomo ni yangu. Chuo kitafute ya kwake."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Waliopiga kwa nguvu zaidi ni wale wenye mambo yao simuni, huhitaji kuambiwa. Onesmo akanogewa, akatoa simu, akafuta mazungumzo yote palepale, na akamshauri Malimi afanye vivyo hivyo. Marcelina alipomwambia kwamba kufuta vile nako ni kosa, alimwita dada wa mafaili. Kisha akatoka kibarazani alikokuwa akisubiri Nyanjige, akamtolea maneno yaleyale ya simu na bando, akamwambia aende nyumbani.

Ole wake. Wafadhili walipouliza ndama wameishia wapi, chuo kikaunda tume, na Malimi akaapa mbele ya tume kwamba Onesmo hakuwahi kumtajia sumu yoyote. Onesmo akakimbilia kwa Marcelina, safari hii kwa "dada yangu mpendwa", akiomba ujumbe ulioko kwa Malimi utolewe. Marcelina alikuwa ameshauomba. Jibu la Malimi lilikuwa fupi: simu yangu, bando langu, tena nilishafuta kwa ushauri wa Daktari Onesmo. Mchimba kisima huingia mwenyewe, ila huyu aliingia na koti.

Kazi ikawa inamponyoka hivyo. Akabaki na tumaini moja, Nyanjige aiambie tume kwamba Onesmo alimwonya. Hakuwahi kumwonya hata siku moja, lakini watu wa vijijini, alijisemea, ukiwasalimia kwa lugha yao hawakunyimi kitu. Akaenda Sapiwi.

"Mwangaluka, mayu," akamsalimia.

Zizi lilikuwa tupu, magugu yameota juu ya samadi. Nyanjige akaitikia, ila kiti hakumpa, na kumnyima mgeni kiti si jambo dogo Usukumani. Akamwacha ajieleze amesimama mpaka akamaliza. Kisha akamuuliza swali moja.

"Kwa hiyo ulijua?"

"Nilijua, mama. Niliandika kabisa kwamba yana sumu. Malimi ndiye aliyekataa."

Aliyasema hayo kwa fahari, mjinga yule, wala hakusikia alichokisema. Nyanjige akajifunga kanga kiunoni, akamwambia amfuate. Wakampitia mwenyekiti wa kitongoji, wakaenda wote watatu mpaka kwa Ng'washi. Hapo, mbele ya zizi lililojaa ng'ombe wake, Nyanjige akamwambia Daktari arudie.

Onesmo, akidhani ushahidi wake ndio unaanza, akarudia yote, tena kwa kirefu: sumu, ujumbe, wafadhili, na kwamba ndama hawakufa kwa homa wala kwa uzembe wa mfugaji. Mwishoni akaweka koti vizuri kwa mazoea, akingoja makofi.

Hakuna aliyepiga. Mwenyekiti akamgeukia Ng'washi. Ng'washi akanyanyuka, akaanza kuondoa miti ya mlango wa zizi.

Nyanjige akaokota fimbo, akawatoa ng'ombe wake. Onesmo akamkimbilia nyuma, viatu vikizama kwenye samadi, akimwuliza kuhusu tume, kama atawaambia kwamba alimwonya.

"Nitawaambia ulichosema hapa," akajibu Nyanjige bila kugeuka. "Kwamba ulijua, ukanyamaza. Hayo mengine tafuta mwenyewe, Daktari. Simu yako, bando lako."

Akawapigia ng'ombe mluzi, wakashika njia ya nyumbani.