Bendeji ya Dole Gumba

Bi Somoe aliposikia mke wa mwanawe amepasuliwa mguu, aliaga kwenye kijiji chao cha ujamaa huko Newala, akapanda basi mpaka Temeke. Mtu akatwe mfupa halafu asikandwe? Thubutu!

Chausiku, huyo mke wa mwanawe, alifanya kazi kiwanda cha nguo, kutwa kasimama mbele ya mashine. Pembeni mwa dole gumba la mguu ilimwota nundu, dole likawalalia wenzake, kiatu kikawa hakiingii. Msimamizi alikwisha kumwonya: asipopona safari hii, nafasi anapewa mwingine. Ndipo Daktari Gozbert akamkata mfupa ndani kwa ndani, kwa kupitisha kichuma chembamba kwenye matundu mawili tu, akaunyoosha na kuufunga.

“Bendeji hii ndiyo inayoushika mfupa,” alisema. “Asiifungue mtu ila mimi.”

Bi Somoe aliambiwa yote hayo. Lakini wapi! Asubuhi moja akaja na beseni la maji ya moto.

“Mama, daktari kakataza,” Chausiku alisema.

“Daktari kazaa wangapi?”

Chausiku akausogeza mguu. Nani atabishana na mama mkwe aliyekwisha kupiga magoti miguuni pake?

Bendeji ikafunguliwa. Bi Somoe akaona vidonda viwili, kila kimoja kama punje ya mchele. “Ndiyo operesheni hii? Wamekuchezea, mwanangu!” Akachovya kitambaa, akakanda kwa nguvu zake zote za mapenzi. Chini ya kidole chake kitu kikasogea. Chausiku akapiga yowe.

Jamani, Bi Somoe alikitupa kitambaa kule! Alilirudisha dole lilivyokuwa, akalishika, asiliachie tena. Balozi wa nyumba kumi akawatafutia teksi. Njia nzima kalishika, huku Chausiku akitazama dirishani bila kumsemesha.

“Mama, niachie sasa,” alisema Daktari Gozbert hospitalini.

“Nikiachia likienda upande?” Bi Somoe alikuwa analia. “Nimemharibia kazi mtoto wa watu!”

Daktari akapapasa. “Mfupa umesogea, ila si sana. Tutaurudisha kwa bendeji. Lakini kupona kutachelewa, na kiwandani itabidi wamngoje.” Akaanza kufunga bendeji mpya, akimwondoa Bi Somoe kidole kimoja kimoja.

Hapo ndipo Chausiku alipofungua kinywa.

“Mama, kesho uende kiwandani, ukaonane na msimamizi.”

“Mimi?”

“Wewe. Usimsingizie daktari, wala usiseme nilianguka. Sema ulifungua wewe.”

Bi Somoe alikuwa ameozesha wana watano, na hakuna mke wa mwanawe hata mmoja aliyewahi kumtuma. Alijifuta machozi kwa upindo wa kanga.

“Nitakwenda, mwanangu,” alisema. “Nielekeze njia.”