Kofia Isiyokuwa ya Kuuza

Jumatatu baada ya Idi, Bi Maisara aliitumbukiza simu yake katika ndoo ya kanji. Hakufanya pupa wala uzembe. Aliiweka mahali alipodhani pana ukingo wa meza, na hapakuwa na ukingo. Nilipoiopoa ilikuwa imevaa wanga kama andazi lililovaa sukari, na kioo chake kimezima.

"Na ife," alisema, akijifuta mikono kwa leso yake. "Simu ni mlango tu, Raihana. Mlango hutiwa mwingine. Ufunguo uko sandukuni."

Sisi hukaa chini, yeye hukaa juu, katika nyumba moja ya Kibokoni yenye ngazi zinazopandwa kwa kushika ukuta. Tangu nimalize diploma ya kompyuta nimekuwa nikimpandia kila asubuhi kujifunza kushona na kumtungia uzi sindanoni, kwa kuwa macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho. Ni fundi wa kofia. Kwa miaka thelathini na tano wanaume wa mji huu wamekwenda msikitini na kazi ya mikono yake vichwani mwao. Alhamisi ya wiki ile alikuwa apasuliwe jicho la kwanza, na hospitali ilitaka ilipwe kabla ya Jumatano jioni. Pesa alikuwa nazo, ila hazikuwa benki wala chini ya godoro. Zilikuwa katika pochi ya bitcoin, sarafu ya mtandaoni, na pochi yenyewe ilikuwa ndani ya simu iliyokuwa ikidondoka kanji mkononi mwangu.

Asiyemjua hucheka akisikia hayo. Mimi niliyesomea kompyuta nilijifunza bitcoin kwake. Yeye alijifunza kwa masikio, akisikiliza mafunzo kwenye simu huku anashona. Chini ya dirisha lake ana mashine tatu za kuchimba sarafu hiyo. Kila moja haizidi kipande cha mkate, na stima inayokula ni ya taa ndogo tu. Mashine hizo hupiga hesabu za mtandao mchana na usiku ili zilipwe sarafu, na feni zake hutoa hewa ya moto. Mbele ya hewa hiyo Bi Maisara hupanga kofia alizozitia kanji, zimevishwa mabakuli yaliyopinduliwa. Msimu wa mvua, kofia za mafundi wengine zinapoota madoa ya ukungu, zake hukauka kwa saa mbili, nyeupe na ngumu. Majirani hudhani mashine zile ni za kukaushia, naye hajawahi kuwasahihisha.

"Na kukausha zinakausha," husema. "Sijamdanganya mtu."

Wako wachimbaji wadogo wanaopenda kuchimba peke yao, wakingojea bahati moja kubwa ambayo huenda isije maisha yao yote. Bi Maisara alikataa. "Hiyo naiona ina udugu na kamari. Mimi niache niungane na wenzangu, kila mtu apate kwa kazi ya mashine yake." Alichopata kwa njia hiyo kilikuwa senti. Kilichoijaza pochi hasa ni kofia: kila akiuza chache, alinunua kidogo, akaweka. Na kila alipopokea alitumia anwani mpya. Mtu anayepita kichochoro kimoja kila siku, alinieleza, hujulikana hata na paka.

Simu ikiharibika, pochi ya namna ile hufufuliwa kwa maneno kumi na mawili, yakifuatana kwa mpango wake. Mwenye maneno ndiye mwenye mali. Watu wengi huyaandika karatasini wakayaficha. Bi Maisara aliyashona. Kila neno lina namba yake katika orodha moja inayojulikana na wote, kuanzia moja hadi elfu mbili na arobaini na nane. Alizichukua namba zake akazitoboa katika kofia: maua kumi na mawili kuuzunguka ukingo, kila ua petali nne, kila petali na matundu yake kwa hesabu ya tarakimu. Penye sufuri petali ni tupu. Aliponionyesha mara ya kwanza niliigeuza na kuigeuza. Nilichoona ni kofia nzuri yenye maua yasiyofanana, basi.

Nilifunua sanduku. Palikuwa na udi, msahafu wa marehemu mumewe, na leso mbili mpya. Kofia haikuwamo.

Nilipomwambia, alijishusha polepole akakaa kitandani.

"Niliitoa kabla ya Idi," alisema. "Huitia kanji mara moja kwa mwaka, isiingie wadudu. Niliikausha pamoja na za wateja." Akageuza uso upande wa dirisha. "Za wateja nilizifunga kwa kupapasa. Hebu tazama kwenye mabakuli, zimebaki ngapi?"

Ilibaki moja. Niliigeuza ndani nikaona alama ya mteja kwa uzi mwekundu. Ilikuwa ya Mzee Jamaldin, anayewatembeza wageni Ngome ya Yesu.

"Basi yangu iko kichwani mwake," Bi Maisara alisema. "Mpelekee hii, uichukue ile. Usimwambie ina nini. Wala usimdanganye."

Mimi darasani nilikuwa radhi kukosa alama kuliko kuinua mkono. Njia nzima kutoka Kibokoni hadi Ngome nilikuwa nikipanga maneno, na kila nikifika kona yanapotea.

Nilimkuta mlangoni amekaa kivulini, kofia imeelemea kidogo upande wa kushoto. Kando yake alikuwa Ngowa, mtembeza wageni mwenziwe, na Kadzo anayeuza vinyago na shanga.

"Subalkheri, Mzee Jamaldin."

"Subalkheri, mwanangu. Bi Maisara hajambo?"

"Hajambo. Amenituma... kofia."

"Kofia nimeshaipata. Hata Idi nimeiswalia."

"Ndiyo. Anaomba uirudishe."

Ngowa akapiga makofi. "Jamaldin! Hukulipa!"

"Nililipa, tena mbele! Muulize mwenyewe."

"Basi binti ndiye aliyeipenda. Siku hizi wao ndio huposa, yakhe, na huanzia kofia."

"Akuposee wewe mwenye meno mawili?" Kadzo akamwambia. "Mwache mtoto aseme."

Uso ulikuwa ukiniwaka. Niliitoa kofia mkobani nikamnyoshea. "Yako ni hii. Zilibadilishana."

Mzee Jamaldin aliipokea, akaitazama ndani na nje. "Nzuri," alisema. "Lakini hii niliyovaa haina ndugu mji mzima. Tazama, hakuna ua linalofanana na mwenziwe. Asubuhi ya leo mgeni mmoja kaipiga picha kwa karibu, kanizungusha kama mbuzi wa mnada mpaka kamaliza pande zote. Sasa kwa nini niirudishe?"

Nikayahesabu maua kwa macho. Pande zote.

Njiani nilikuwa nimejitungia uongo mmoja mzuri, kwamba kofia ile ilikuwa na kasoro na fundi ameona haya. Ulikuwa tayari ulimini. Nikakumbuka sharti nikaumeza.

"Haikuwa ya kuuza," nilisema. "Ni yake mwenyewe, ameiweka miaka. Macho yamemwisha, Mzee Jamaldin. Alipapasa akakosea. Alhamisi anapasuliwa."

Kicheko cha Ngowa kilikatika.  Mzee Jamaldin aliivua kofia kwa mikono miwili, akaipangusa vumbi kwa kiganja, akanipa.

"Vaa hiyo nyingine upesi," Kadzo alimwambia, "kabla meli hazijadhani kichwa chako ndiyo taa ya bandari."

Akaivaa. "Mwambie Bi Maisara Mungu ampe shifaa. Na mwambie hii nimeipokea kwa heshima, ila moyo wangu umebaki kwa ile."

Nilirudi nusu nakimbia. Nilipomweleza Bi Maisara habari ya picha, niliongeza haraka kwamba aliyepiga hakujua alichopiga.

"Hajui leo," alisema. "Kesho ataitia mtandaoni, aione anayejua. Siri ikishatoka nje si siri tena, hata kama aliyeibeba hajui kuisoma. Funga dirisha, mwanangu. Tunahama."

Dirisha la jirani liko karibu, mtu anaweza kupokezwa chumvi bila kushuka ngazi. Kwa hiyo sikusoma namba kwa sauti. Nilizihesabu kwa ncha ya sindano nikaziandika kwenye karatasi gotini. Ua la kwanza kutoka kwenye mshono lilinipa namba ya elfu saba na kitu. Nikarudia. Elfu saba ileile, na orodha haifiki huko. Nikamnong'oneza kwamba namba hazikubali.

"Unaanzia wapi?" aliniuliza.

"Kwenye mshono, naenda kulia."

"Hukusoma madrasa wewe?" Kwa mara ya kwanza siku ile alicheka. "Kofia ya msikitini hiyo. Anza kulia, uende kushoto."

Namba zilikaa sawa, moja baada ya nyingine. Nilitafuta maneno yake katika orodha, nikayaingiza kwenye simu yangu kwa mpango uleule. Pochi ikafunguka. Kila kitu kilikuwamo, miaka minne ya kofia, hakuna kilichoguswa. Nilimwambia, naye akasema alhamdulillahi kwa sauti ndogo, kama mtu aliyepitishiwa kikombe cha maji.

Kisha tukafungua pochi mpya yenye maneno mapya. Nilimnong'oneza namba sikioni, naye akachukua uzi mrefu akazifunga kwa mafundo, moja moja, bila kuangalia, kwa sababu kuangalia kusingemsaidia. Vidole vyake havikusita hata mara moja. Mimi na macho yangu mazima nisingeweza kuifanya kazi ile. Tulipomaliza alirudia kuyapapasa mafundo, akinitajia namba chini chini, na zote zilikuwa sahihi. Ndipo nikatuma mali yote kutoka pochi ya zamani kwenda mpya. Tulikunywa chai ya tangawizi tukingoja ithibitishwe, mashine tatu zikivuma chini ya dirisha. Karatasi yangu aliichoma kwenye chetezo.

Jumanne niliuza sehemu iliyohitajika kwa niaba yake, nikamnunulia simu mpya, na hospitali ikalipwa siku moja kabla ya wakati.

Usiku wa kuamkia upasuaji alinishika mkono. "Nikipona nitahama tena," alisema. "Peke yangu. Usiyajue maneno."

Nadhani uso wangu ulibadilika, maana aliufinya mkono wangu, ingawa hakuwa akiuona.

"Si kwamba sikuamini. Leo unayo mali yangu yote kichwani, na sijakosa usingizi. Lakini sitaki ubebe kitu ambacho mtu anaweza kukukaba koo akitoe. Kitu usichokijua, hakuna wa kukutesea."

Nimesoma kurasa nyingi kuhusu usalama wa pochi. Hakuna hata moja iliyonieleza kwamba inawezekana kumficha mtu jambo kwa kumpenda.

Ijumaa walimfungua bendeji. Jumamosi nilimkuta amesimama dirishani, amevaa miwani ya giza, akizitazama mashine zake kana kwamba ndiyo kwanza zimeletwa. Kisha akanitazama mimi.

"Kumbe umekonda hivi," alisema, akiichukua simu yake mpya. "Toka nje kidogo. Funga mlango."

Nilikaa ngazini karibu saa nzima, nikisikiliza feni. Alipofungua mlango, mkono mmoja ulikuwa na uzi wa mafundo, ameukata vipande vipande, akanipa nikautupe. Mkono wa pili ulikuwa na ile kofia, imeshatiwa kanji upya.

"Hii mpelekee Jamaldin, ni zawadi," alisema. "Sasa ni kofia tu."

Nilishuka ngazi tatu, akaniita. Alikuwa ameishika kofia niliyokuwa nikijifunzia, ile niliyoishona wiki nzima nikidhani imetoka vizuri, ameisogeza hadi mwangani.

"Na ukirudi, Raihana, fumua hii. Ua la tatu limekwenda upande."