Darubini Inayoleta Karibu

Dukani kwa Silvesta, Makambako, darubini za bunduki zilikaa kabati moja na betri za sola na feni belti za malori. Efraimu alizishika moja moja, akatazama nazo ng'ambo ya barabara, ambako dereva wa lori la mbao alikuwa akipiga mswaki mbele ya nyumba ya wageni. Mwenyekiti wa kijiji, aliyefuatana naye ili ununuzi usiharibike, alikwisha kuchagua. Aliitaka ile kubwa kuliko zote, nene kama chupa ya chai.

"Kwa hii utamwona nguruwe angali anawaza kuja," alisema.

"Asubuhi zetu ni ukungu, mwenyekiti. Ikikuza mno itakuza ukungu tu. Tena nzito, bunduki itaelemewa."

Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi, lakini jambo hilo huwezi kumwambia mwenyekiti mbele za watu. Silvesta akainama, akatoa nyingine nyembamba iliyofungwa kwenye kitambaa.

"Hii haikuzi sana," alisema. "Ila inaleta karibu."

Efraimu aliyachukua kuwa maneno ya biashara. Akainunua.

Yeye ndiye aliyekuwa na kibali cha bunduki kijijini, huko juu Lupembe, na kazi yake ilikuwa kuwazuia nguruwe pori wasile viazi vya bondeni. Misimu ya karibuni walikuwa wamekula sana. Kila aliyeshindwa nao alimkodishia mwenyekiti shamba lake, na mwenyekiti akapanda parachichi, maana ni mtu mwenye huruma. Lilibaki shamba moja tu, la Priska, dada yake Efraimu, mjane. Viazi vya msimu huu vikiliwa, naye angelitoa. Baada ya hapo asingekuwa na pa kulima.

Kijiji hakikulala. Kiangazi kilichopita wanakijiji walichimba handaki kati ya msitu na mashamba, kwa msaragambo, kila mtu na jembe lake. Priska alichimba kipande chake na cha marehemu mumewe. Nguruwe waliendelea kuja. Ndipo ikaonekana dawa ni darubini.

Efraimu aliifunga mezani kwake. Alifuta mafuta mgongoni mwa bunduki, akaweka kitako, kisha pete, akakaza skrubu kwa kupishana, kidogokidogo, kama nati za gurudumu. Akaning'iniza timazi ya fundi mwashi kwenye boriti na kuuzungusha msalaba wa kiooni mpaka ukasimama sambamba na uzi, kwa sababu msalaba ukilala kidogo hapa, risasi hupotea kabisa kule. Mwisho akaisogeza mbele isije ikampasua nyusi bunduki ikirudi nyuma. Alipojaribu kwa boksi la sabuni kwenye mteremko wa mbali, boksi lilikuja karibu hata akasikia harufu ya sabuni. Akaridhika kwamba imekaa sawa.

Siku ya pili, ukungu ulipopanda, alikuwa juu ya kilima. Chini kabisa, ukubwa wa chawa, nguruwe walikuwa shambani kwa Priska. Akaweka jicho kwenye kioo, akamtafuta dume.

Dume lilikuwa pale pale, kama mtu mliyekaa naye jikoni mkiota moto. Lilinuka tope. Lilikuwa na kiazi mdomoni, nalo likamtazama.

Hapo ndipo Efraimu alipokosea, na mtu wa mahali pengine asingekosea hivyo. Alikuwa amelelewa vizuri.

"Kamwene," alisalimia kwa Kibena.

"Kamwene," dume likajibu, baada ya kumeza.

"Za nyumbani?"

"Nzuri. Watoto wanakua. Na nyie huko juu?"

"Tupo. Viazi mnavionaje?"

"Mwaka huu vimekaa vizuri. Utupelekee salamu kwa dada. Na mwenyekiti tunamshukuru, bila ile mirunda yake tusingevuka."

Efraimu akaisogeza bunduki kidogo. Kweli, mahali handaki lilipopakana na shamba la Priska, mirunda ya mkaratusi, ile miti ya kujengea, ilikuwa imelazwa juu yake kwa ustadi, na kijana wa kazi wa mwenyekiti alikuwa ameketi kando, akingoja wavuke aitoe. Efraimu aliona uchungu. Lakini hata mtoto anajua kwamba mtu mliyesalimiana naye humpigi risasi. Akafunga kitufe cha usalama cha bunduki, akateremka.

Mkutano uliitishwa kwenye ofisi ya kijiji. Efraimu alieleza yote. Mzee mmoja aliuliza kama dume lilisalimia ipasavyo, akaambiwa lilisalimia mpaka watoto.

"Basi lina adabu," alisema, na wengi wakakubali.

Mwenyekiti hakukasirika. Alisema hawezi kumwita nguruwe mwongo, kwa kuwa hamfahamu. Ila taratibu zipo. "Huyu shahidi ni mkazi wa kitongoji gani? Apitie kwa balozi wake."

"Mirunda je?" Priska aliuliza.

"Dada yangu, mirunda ni daraja. Tangu lini maendeleo yakawa kosa?"

Watu wakacheka kidogo. Ikaamuliwa kwamba tatizo ni salamu. Bunduki akapewa Yoeli, mgambo, mtu mkavu asiyesalimia hata kanisani. Yoeli alikwenda asubuhi na kurudi saa ya chai, akasema jike lina mafua na linaomba radhi kwa usumbufu. Baada yake hakuna aliyejitokeza.

Viazi vikaisha. Dume na jike walifika mpaka mlangoni kwa Priska kumpa pole, wakasimama uani kwa muda unaostahili, wakaenda zao. Wiki hiyo Priska alimkodishia mwenyekiti shamba. Na kwa kuwa nguruwe wangeng'oa miche ya parachichi, mwenyekiti akaagiza mirunda iondolewe kabisa, na handaki likafanya kazi vizuri sana tangu siku hiyo. Mkutano uliofuata ukampongeza.

Siku ya kupanda miche, Efraimu alilegeza pete, akaitoa darubini kwenye bunduki, akapanda nayo kilimani. Hakutaka ubaya. Alitaka kumleta mwenyekiti karibu, amsalimie, amuulize uso kwa uso kwa nini.

Miche ilikuja karibu. Mbolea ilikuja, na harufu yake. Mwenyekiti alibaki mbali, mdogo kama njiti ya kiberiti, mikono mgongoni. Efraimu akazungusha pete ya kukuzia mpaka ikagota. Majani ya mti aliouegemea mwenyekiti yakamgusa Efraimu shavu. Mwenyekiti hakusogea.

Akahamisha kioo. Priska akaja, jasho likimtiririka, jembe mkononi. Alikuwa miongoni mwa vibarua.

"Kamwene, dada."

"Kamwene, mdogo wangu."

"Pole."

"Nimeshapoa." Hakuinua kichwa. "Niache nichimbe. Mwenyekiti anaangalia."

"Mimi simfikii, dada."

"Hata mimi hapa nilipo," alisema Priska, akahamia shimo jingine.