Breki Mpya za Shangazi

Mama yake alimkuta amelala chini ya gari la watu, miguu tu ndiyo inaonekana, akaligonga buti lake kwa ncha ya kandambili.

"Toka huko, nina maneno na wewe."

Spana akajivuta nje, grisi shavuni. Jina hilo alibandikwa na mafundi wenzake siku ileile alipoingia gereji, msichana peke yake katikati ya madume, na sasa hata mama aliyemzaa alilitumia akitaka kumchokoza.

"Baba yako anakuletea Shangazi umtengenezee breki," mama akasema. "Mimi nakuomba kitu kimoja tu. Mwambie haiwezekani. Sema limekufa. Sema ekseli, sema sijui nini, wewe ndiye fundi, utajua la kusema. Nimechoka kukaa mle ndani roho mkononi."

Shangazi lilikuwa lori. Lori fupi, pana, linalovuta kwa magurudumu yote manne, lililoundwa kwa ajili ya matope na makorongo, na lilipewa jina hilo kwa sababu halijawahi kumaliza siku bila kulalamika. Baba yake Spana alilibebea mawe ya machimboni tangu Spana hajaota meno. Watu wote walimwita Dereva, utadhani hakuna dereva mwingine duniani, na yeye hakuwahi kuwakatalia. Lakini goti lake la kulia lilikuwa limeanza kumwangusha, na breki za Shangazi, zile za dramu za enzi hizo, zilitaka mguu wa mtu mwenye hasira. Unakanyaga mara ya kwanza, unapewa ahadi. Unakanyaga ya pili, ndipo lori linaanza kufikiria kusimama. Zikilowa maji ya mtoni ndiyo usiseme. Ndiyo maana mama, mwanamke asiyependa safari hata ya jirani, siku hizi alikuwa anapanda kila Dereva anapoondoka. Alidai anakwenda kumpigisha soga asisinzie. Ukweli ni kwamba alishindwa kukaa nyumbani akisubiri habari.

"Mama, nitamdanganyaje baba?"

"Kama ulivyomdanganya ulipovunja kioo cha sebuleni. Mbona ulikuwa hodari?"

"Na akilikosa lori atafanya nini?"

"Atazeeka," mama akasema. "Kama wenzake. Kuna ubaya gani?"

Spana alimpenda mama yake, lakini alikuwa mtoto wa baba, hilo halina mjadala. Alijua saizi za spana kabla hajajua kuandika jina lake, kwa sababu Dereva alikuwa akilala chini ya Shangazi na yeye anampa vyombo mkononi. Na alikuwa amewaona wazee waliostaafu, wanavyokaa kizingitini na kupungua, kila mwezi wanapungua. Akasema moyoni, baba yangu, hapana. Nitalifunga lori hili breki ambazo goti bovu litazimudu. Diski mbele, na busta ya kuusaidia mguu kusukuma.

"Nikimaliza, mama, hata wewe utalisimamisha kwa kidole gumba."

Mama akaokota mkoba wake. "Mimi sikukuomba hivyo," akasema, akaondoka.

Kazi yenyewe, jamani, aliifanya kwa moyo wote. Aliliinua Shangazi mbele, akavua magurudumu, akazing'oa dramu zilizoganda kwa kutu mpaka nyundo ikaomba msamaha. Habu, vile vitovu vya magurudumu, na diski alizipata kwenye lori lingine la ukoo uleule, dogo kwa umri, lililokufa kwa injini. Diski akazipeleka kwa mkereza vyuma zikasawazishwa. Alipofunga kalipa, vile vyuma vinavyozibana diski, rimu za zamani zikakataa kuingia, zinakwaruza kwa ndani. Mwingine angechukua jiwe la kusagia akapunguza kidogo hapa, kidogo pale, mambo yakaisha. Spana akatafuta rimu kubwa zaidi. Halafu akaja kwenye hozi zinazopeleka mafuta ya breki. Fundi mvivu huipima hozi gari likiwa limekaa chini kwa raha zake, kisha siku gurudumu moja linaning'inia korongoni, hozi inakatika. Yeye aliiacha ekseli ining'inie kabisa, akazungusha usukani hadi mwisho kushoto, hadi mwisho kulia, akiipapasa hozi kwa vidole kuona kama inavutika. Alipima kila kitu cha lori lile. Mguu wa baba yake hakuupima.

Dereva alikuwa pale muda wote, amekaa juu ya tairi chakavu, mikono magotini, anatazama. Hakusema mengi. Mara mojamoja alisema, "Naam," kama mtu anayesikiliza hotuba.

Ikafika zamu ya kutoa upepo kwenye mabomba ya breki. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja: huyu yuko juu anakanyaga pedeli, yule yuko chini anafungua na kufunga. Dereva akasimama, akajipangusa suruali.

"Aa, baba, kaa tu, pumzisha goti," Spana akasema, kisha akapaza sauti upande wa pili wa uwanja. "Mchomeleaji! Njoo unikanyagie hapa!"

Dereva akakaa tena.

Mchomeleaji alikuwa mtu wa mdomo. Gereji nzima ilimwogopa kwa ulimi wake kuliko kwa moto wake. Akapanda, wakaanza.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Shika hapohapo!"

"Nimeshika, usinifokee, mimi si mumeo!"

"Achia!"

Wakaenda hivyo, gurudumu hili, gurudumu lile, mpaka mafuta yakatoka safi bila povu na pedeli ikawa ngumu, iko juu. Spana akaliwasha lori, akamwambia mchomeleaji asogee kiti cha pembeni, akalizungusha uwanjani. Akagusa breki kidogo tu. Mchomeleaji akaruka kutoka kwenye kiti, paji la uso likabusu kioo cha mbele.

"Wee! Unataka kuniua? Hili ukipiga chafya linasimama!"

Mafundi wakaangua kicheko, wengine wakashika matumbo. Spana naye alicheka mpaka machozi. Dereva hakucheka, na hakuna aliyemwangalia.

Asubuhi ya kuondoka, uwanja ulijaa. Mafundi, wateja, muuza vipuri wa jirani, wote walitaka kumwona Dereva akilitoa Shangazi na breki mpya. Alikuja na shati lililopigwa pasi. Mama alikuwa naye, akapanda upande wake bila kumwangalia binti. Spana akamkabidhi baba ufunguo kwa mikono miwili.

"Baba, sasa hivi ni kugusa tu. Si kama zile za zamani."

"Mimi nimeanza kuendesha wewe uko wapi?" Dereva akasema, na watu wakacheka kama alivyotaka.

Akapanda. Akarekebisha kioo cha pembeni. Akaufuta usukani kwa kiganja, akarekebisha kioo tena. Injini hakuiwasha. Akainamia dirishani.

"Sasa?" akauliza.

"Sasa nini, baba?"

"Umemaliza? Hakuna lingine?"

Lilikuwepo. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Baba, hebu zunguka uwanjani kwanza, lori tupu, ukanyage na uachie, ukanyage na uachie, mpaka mguu uzoee. Angemwambia hivyo mteja yeyote, tena bila kumbembeleza. Lakini huyu alikuwa baba yake, na huyu alikuwa Dereva, na umati wote ule ulikuwa umesimama pale na mchomeleaji mbele kabisa, meno nje. Binti amzungushe baba yake uwanjani kama mwanafunzi wa udereva? Angemvua nguo hadharani.

"Hakuna, baba. Safari njema."

Dereva akamtazama kidogo, akawasha injini.

Hawakufika mbali. Palepale kwenye mteremko, kabla hata ya kuiacha lami, mwendesha baiskeli mwenye magunia nyuma akachomoza kutoka uchochoroni bila kuangalia huku wala huku. Mguu wa Dereva ukafanya ulichofanya maisha yake yote: ukashuka kwa uzito wake wote, na kabla hajajua, ukashuka tena. Shangazi likasimama kama limepigwa ukuta. Mwenye baiskeli akapita zake, hata shingo hakugeuza. Upande wa abiria hakukuwa na mkanda, haujawahi kuwepo. Mama akaenda mbele na mkono mmoja amenyoosha, kiganja kikapiga dashibodi, kisha uso.

Spana alikimbia hospitali na ovaroli lake, watu wakimpisha njia kwa harufu ya mafuta. Alimkuta mama kwenye benchi la korido, mkono umefungwa plasta, mdomo umevimba, meno mawili ya mbele hayapo. Dereva alikuwa amesimama ukutani. Walimpa kiti, hakukaa.

"Mama. Mama yangu, nisamehe."

"Usinililie hapa, watu watadhani nimekufa," mama akasema, maneno yanatoka kwa shida. "Miaka yote namwogopa asiposimama. Leo ndiyo nimejua kumbe hata akisimama niogope."

Muuguzi akacheka. Mama naye alitaka kucheka, akashika mdomo kwa maumivu. Alipotulia, akamvuta Spana karibu kwa ule mkono mzima, akasema polepole, bila ukali wowote, "Nilikuomba kitu kimoja tu, mwanangu."

Hapo Spana aliishiwa. Angetukanwa angejua pa kuanzia. Alipiga magoti pale sakafuni, akaweka kichwa mapajani mwa mama yake na kulia kwa kwikwi, na mama akampapasa nywele zilizojaa vumbi la breki.

Kesho yake baba na binti walikwenda kulichukua lori. Lilikuwa limesogezwa kando ya barabara, limetulia, halina hata mkwaruzo. Walitembea kwa miguu, taratibu kwa sababu ya goti. Walipofika, Dereva akatoa ufunguo mfukoni, akamnyooshea.

"Endesha wewe."

"Baba, kosa ni langu." Lilimtoka lote kwa mpigo. "Nilijua. Nilijua mguu wako umezoea kukanyaga mara mbili, nilijua kabisa. Ningekwambia uzunguke uwanjani kwanza. Niliona watu wapo. Niliona nitakuaibisha."

Dereva akaegemea boneti. Alikuwa amezeeka kwa usiku mmoja, au pengine Spana ndiyo kwanza alikuwa anamwangalia.

"Nilimwona mchomeleaji alivyorushwa," akasema. "Nikaogopa. Nilipokaa kwenye usukani jana, nikakuuliza kama hakuna lingine, nilikuwa nangoja uniambie."

"Nikwambie nini?" Spana aliuliza, ingawa alikuwa ameshaelewa.

"Nizunguke. Ningekufokea kidogo, watu wasikie. Halafu ningezunguka."

"Sasa mbona hukusema mwenyewe, baba?"

"Mbele ya watu wale?" Dereva akatikisa kichwa. "Mimi?"

Pikipiki ikapita, vumbi likawafunika, wakangoja litulie. Spana alitaka kupiga kelele. Wote wawili walilijua lile neno, wote wawili walilitaka, wakaligawana kimya kila mtu nusu yake, na meno ya mama ndiyo yaliyolipa.

"Twende sasa," akasema, anajifuta macho kwa mkono wa ovaroli. "Barabara tupu. Hakuna mtu wa kukuona. Nitakaa pembeni yako, utagusa mpaka uzoee. Siku mbili tu, baba, mguu utajua."

Dereva alilitazama lori, kuanzia taa mpaka bodi la nyuma la mawe. Kwa muda kidogo ilionekana kama atakubali.

"Nimeshamwahidi mama yako siendeshi tena," akasema. "Na usidhani alinilazimisha. Hajaniambia chochote. Nilimwangalia mdomo tu."

Spana akapanda, akawasha injini. Dereva akazunguka mbele ya lori, akafika upande wa abiria, akashika mpini wa mlango na kuuvuta. Mlango haukufunguka. Akavuta tena kwa nguvu, akaupiga kwa kiganja, akachungulia dirishani kwa aibu. Mlango ule ulikuwa na ujanja wake, lazima uuinue kidogo kabla ya kuvuta, na walioujua ni mama aliyepanda upande ule na Spana aliyelitengeneza lori. Dereva hakuwahi kuufungua.

Spana akashuka, akazunguka, akamfungulia.