Mlango wa Stoo Hadi Jeddah

Lela alifungua mlango wa stoo achote mkaa wa chai ya asubuhi, akakuta jiko la watu. Sakafu ya marumaru, friji mbili, na bintiye Khawla, aliyekwenda Jeddah kufanya kazi za ndani, yuko kwenye sinki anasugua sufuria.

"Mama, funga. Joto linatoka huku linaingia kwenu."

Lela akamwita mumewe.

Mahmud ndiye aliyezoea kuhutubia nje ya ukumbi wa Kaloleni kila Jumapili, kwamba toka Embakasi hadi uwanja wa ndege wa Jeddah ni kilomita elfu mbili mia tano na ushei, mwendo wa saa nne angani, na basi la Kisumu huchukua zaidi. Basi mtoto ambaye mkataba wake uliisha tangu Ramadhani ya mwaka juzi amekwamia wapi? Sheria alijifunza kwenye magazeti yaliyofungiwa maandazi, kwa hiyo aliijua yote isipokuwa pale palipolowa mafuta. Alikumbuka kila diwani aliyeahidi maji na koti alilovaa siku hiyo. Maji hayakuja. Makoti aliyakumbuka.

Sasa safari ilikuwa hatua moja.

"Vuka, mwanangu."

"Pasipoti iko kwa mwenye nyumba, baba. Nitaingiaje Kenya?"

Wote wakaona ana hoja. Hata Rispa, jirani aliyekuja kuomba mkaa, aliona ana hoja.

"Si umuulize huyo mwenye nyumba, mzee," Rispa akasema. "Ama hiyo moto yako ni ya Jumapili tu?"

Mahmud akavaa koti, akasimama kizingitini na hotuba tayari mdomoni. Mwenye nyumba akaingia kutafuta miwani yake. Alikuwa bikizee, anaburuta ndara, mkubwa kiumri kuliko marehemu mamake Mahmud.

"Shikamoo," Mahmud akasema.

Lilimtoka lenyewe, alivyolelewa. Na alivyolelewa, hawezi kuendelea kabla hajaitikiwa. Bikizee, asiyejua Kiswahili, alitabasamu, akampa tende, akaondoka.

"Baba, ungemwambia salaam aleikum, angejibu."

"Nimeshaanza hivi. Nikibadilisha ataona namdharau."

Tangu hapo mkaa unakaa chini ya kitanda. Kila asubuhi Mahmud huvaa koti, akasimama pale, akasalimu, akapewa tende. Jumapili hutangaza ukumbini kwamba suala la umbali limekwisha, limebaki la kuitikiwa. Watu humpigia makofi. Tende huzigawa.

Lela ndiye aliyegundua kwamba mfereji wa huko hautoi hewa tupu kama wa kwao. Alianza na kikombe kimoja cha Mahmud, akampitishia Khawla akisuuze.

"Leteni na sufuria," Khawla akasema. "Si niko tu hapa."

Siku hizi Rispa naye huleta zake.